Udhamini si sadaka: Somo la fundi wa matrekta na pikipiki ya mbio

BARUA 41 zilitumwa. Majibu yaliyorudi yalikuwa matatu, na yote yalianza kwa neno moja: samahani.

Aliyezituma alikuwa jirani yangu miaka ile nilipokuwa nasoma uchumi wa kilimo katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Siku za kazi alikuwa fundi wa matrekta na mashine za kuvunia miwa. Mwisho wa wiki alikuwa kiongozi, mwendeshaji na mweka hazina wa timu ya ridhaa ya mbio za pikipiki. Timu nzima ilikuwa na watu wanne: yeye, mdogo wake, rafiki aliyesoma naye, na mkewe.

Barua zilikwenda kwa watengenezaji wa pikipiki, kampuni za tairi, vinywaji baridi, benki na hata kampuni ya simu. Zote zilikuwa na maneno yale yale. Sisi ni timu changa yenye ari kubwa. Tumeupenda mchezo huu tangu utotoni. Tunaomba msaada wenu ili tufikie malengo yetu.

Msomaji anayezijua barua zetu za "Yah: Ombi la Udhamini" atakubaliana nami kwamba jirani yule angefaa kabisa kuwa katibu wa timu yoyote ya mpira ya mtaani hapa kwetu.

Lakini kwake mambo yalikuwa yamefika pabaya. Paa la nyumba lilikuwa linavuja, na pesa ya kuezeka upya ilishageuka tairi la nyuma la pikipiki. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akivuta trela na kuandika muda wa kila mbio, alimpa msimu mmoja tu, ule wa mwaka 2016. Kama pesa za nyumbani zingeendelea kumezwa na mashine ile, ingeuzwa.

Makala haya yanaeleza jinsi fundi huyo alivyojifunza kuomba udhamini upya, na kwa nini somo hilo linamhusu yeyote mwenye timu, kikundi au maonyesho anayetafuta mdhamini.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mbio hizi huitwa dragi. Pikipiki mbili husimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka. Taa zilizopangwa kwenye mlingoti hushuka moja baada ya nyingine, ya kijani ikiwaka zinaondoka. Umbali ni robo maili, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201. Hakuna kona na hakuna mzunguko wa pili.

Chama kikubwa kinachoendesha mchezo huu Marekani, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951 na daraja lake la pikipiki za kulipwa, Pro Stock, lilianza mwaka 1987. Katika daraja hilo pikipiki hukamilisha robo maili kwa muda usiofika sekunde 7, huku kasi ikizidi kilomita 300 kwa saa.

Timu za ridhaa ziko mbali na hapo. Wengi hushindana kwa utaratibu wa kutaja muda kabla ya mbio. Kila mwendeshaji hutabiri muda atakaotumia, kisha yule mwenye pikipiki ya taratibu huruhusiwa kuondoka kwanza. Ukienda kasi kuliko muda uliotaja, unashindwa. Kwa hiyo pikipiki ya zamani inayotunzwa vizuri inaweza kuishinda mpya ya bei mbaya, mradi mwendeshaji wake aijue vizuri.

Pamoja na hayo, gharama hazimsubiri mshindi. Kuna mafuta ya gari linalovuta trela, kiingilio, tairi, mnyororo, vipuri vya injini, kofia ngumu na mavazi ya ngozi. Zawadi za mashindano ya ridhaa ni nadra kuzifidia. Ndiyo maana mdhamini anatafutwa kama mvua ya masika.

Mfugaji wa mamba aliyejidhamini

Jirani yangu alikuwa na mfano wa karibu. Katika jimbo hilo hilo, mji mdogo wa Cut Off, anaishi Jerry Savoie, mfugaji wa mamba. Huko Louisiana wafugaji wenye vibali hukusanya mayai ya mamba kwenye maeneo ya kinamasi, huyatotoa, hukuza watoto wake kwa ajili ya ngozi na nyama, na hutakiwa kurudisha sehemu ya mamba hao porini. Ngozi hununuliwa na watengenezaji wa mikoba na mikanda ya kifahari.

Savoie aliwahi kuuacha mchezo huo miaka mingi, akajenga biashara yake, kisha akarudi na timu aliyoipa jina la mamba mweupe, White Alligator Racing. Mwaka huo huo wa 2016, akiwa na umri wa miaka 57, alitwaa ubingwa wa daraja la Pro Stock la pikipiki. Shamba ndilo lililokuwa nguzo ya timu.

Nilimwambia jirani yangu kwamba huo ni ushahidi kuwa kilimo na ufugaji vinaweza kubeba mchezo wa gharama. Aliniangalia, akafuta mikono yenye grisi, akasema: "Sawa. Ila mimi sina mamba."

Alikuwa na haki. Kujidhamini ni njia ya mwenye mtaji. Na hata mwenye mtaji anabeba hatari, kwani bei ya ngozi ikianguka, shamba na timu vinaumia pamoja. Asiye na mamba lazima auze kitu kingine. Swali ni kitu gani.

Swali la mama mwenye duka

Baada ya barua 41 kushindikana, nilimshauri aachane na kampuni zilizo mbali aanze na waliokuwa wanamfahamu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo, aliyekuwa akiuza mbegu, mbolea, waya wa uzio na chakula cha mifugo. Tulikwenda pamoja. Jirani yangu aliomba dola 600, na kuahidi kubandika nembo ya duka kwenye tangi la pikipiki.

Mama yule hakukataa. Aliuliza swali moja tu: "Nikikupa dola 600, nitauza magunia mangapi zaidi ya chakula cha mifugo?"

Tuliondoka bila jibu. Mimi niliyekuwa nasomea uchumi niliona aibu kuliko fundi.

Usiku ule tulikaa mezani na kufanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya barua ya kwanza. Tulichukulia, kwa mfano, kwamba duka la aina ile linabaki na dola 20 katika kila mauzo ya dola 100. Ili dola 600 zirudi, duka lingehitaji mauzo ya ziada ya dola 3,000. Hao ni wateja 30, kila mmoja akinunua bidhaa za dola 100, wateja ambao wasingekuja kama si pikipiki ile.

Hapo ndipo tulipoona kosa la barua zote 41. Zilieleza timu inahitaji nini. Hakuna hata moja iliyoeleza mdhamini atapata nini, na kwa kiasi gani. Wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Watazamaji wa mbio walitoka miji mbalimbali, wengine mbali sana. Mtu wa mjini anayeiona nembo ya duka la pembejeo kwa sekunde chache hanunui mbolea. Idadi ya watazamaji, ambayo kila timu huitaja kwa majivuno, haikuwa na maana kwa mama yule. Yeye alitaka wafugaji na wakulima wanaoweza kufika dukani kwake na gari la mizigo.

Sasa, nani aliyekuwa akiaminiwa na wakulima hao? Alikuwa ni yeye mwenyewe, fundi wa matrekta yao. Kumbe alichokuwa nacho cha kuuza hakikuwa kasi ya pikipiki. Ilikuwa imani ya wateja wake, na pikipiki ilikuwa kengele tu ya kuwaita.

Tulirudi dukani na karatasi moja. Pikipiki ingeegeshwa mbele ya duka Jumamosi tatu za mwezi Machi, wakati watu wananunua mbegu na mbolea. Kila mteja angepewa kuponi yenye namba ya pikipiki. Atakayeirudisha dukani na kununua bidhaa za dola 100, trekta lake lingekaguliwa bure na fundi. Mwisho wa msimu kuponi zingehesabiwa mbele ya mama mwenyewe.

Alisoma karatasi ile mara mbili, akaandika hundi.

Stika, bidhaa na ushindi

Mlango wa pili kwa timu za ridhaa unahusu bidhaa zenyewe za mchezo. Kampuni za tairi, mafuta ya injini, plagi na minyororo huwa na utaratibu wa kulipa washindi. Masharti kwa kawaida ni matatu: stika ya kampuni iwe imebandikwa mahali panapotakiwa, bidhaa yake iwe inatumika kweli kwenye pikipiki, na mwendeshaji ashinde au afike fainali katika shindano lililokubaliwa.

Utaratibu huu unafaa kuangaliwa kwa jicho la kiuchumi. Kampuni haimlipi anayeahidi, inamlipa aliyefanikiwa. Hatari yote inabaki kwa mwendeshaji, na yeye anapata faida ya kuanza bila kujuana na mtu. Ni kama mkulima wa mkataba anayelipwa kwa kilo za daraja la kwanza tu. Ni pesa nzuri ikija, lakini asiye makini ataipangia matumizi kabla haijapatikana.

Wapo pia waliogeuza mbio kuwa tangazo la biashara yao wenyewe. Terry Vance na Byron Hines walitoka kwenye mbio za dragi wakaanzisha kampuni ya Vance & Hines, inayofahamika kwa mabomba ya moshi ya pikipiki. Kwa fundi mwenye karakana, huo ni mfano wa kufikirisha. Kila ushindi unaweza kumletea mtu anayetaka injini yake itengenezwe na mikono hiyo hiyo.

Kodi nayo ina neno lake

Neno "msaada" katika barua zile lilikuwa na hasara nyingine. Katika sheria za kodi za Marekani, mfanyabiashara anayelipia tangazo la kawaida na la lazima kwa biashara yake huliingiza katika gharama, na mapato yanayotozwa kodi yanapungua. Akitoa zawadi kwa timu isiyosajiliwa kama taasisi ya hisani, hapati nafuu ya mchango wa hisani. Pesa ni ile ile na timu ni ile ile, lakini karatasi tofauti huzaa matokeo tofauti.

Kwa hiyo jirani yangu aliacha kutoa barua za shukrani peke yake. Alianza kutoa ankara iliyoandikwa huduma: kubandika nembo, kuegesha pikipiki dukani siku tatu, kugawa kuponi. Aliambatanisha na risiti.

Upande wa timu pia uko mtego. Mamlaka ya kodi ya huko hutofautisha biashara na burudani ya mtu binafsi. Njia mojawapo inayomsaidia mhusika ni kuonyesha faida katika miaka mitatu kati ya mitano. Asiyeweka kumbukumbu anaweza kujikuta anatozwa kodi kwa pesa ya mdhamini, huku gharama za tairi zikihesabiwa kuwa ni starehe yake.

Hata wakubwa huachwa

Wapo wanaodhani kwamba ukishapata mdhamini mkubwa, shida imekwisha. Historia ya mchezo huu inaonyesha vingine.

Kuanzia mwaka 1975 mashindano makubwa ya NHRA yalibeba jina la sigara za Winston. Mwaka 1998 kampuni za tumbaku zilifikia makubaliano na majimbo ya Marekani yaliyobana matangazo na udhamini wao. Jina la Winston likaondoka baada ya msimu wa 2001. Coca-Cola ikachukua nafasi hiyo kupitia vinywaji vyake mbalimbali hadi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mkataba ulipokatika na NHRA ikaishtaki kampuni hiyo mahakamani. Camping World, wauzaji wa magari ya kuishi safarini, wakaingia.

Tangu msimu wa 2024 jina lililo kwenye bango kuu ni Mission Foods, watengenezaji wa chapati za mahindi na ngano, kampuni iliyo chini ya Gruma ya Mexico, moja ya wasagaji wakubwa wa unga wa mahindi duniani. Msomaji wa kurasa hizi asishangae. Watu wanaoshinda uwanjani kutwa nzima wanakula, na mahindi yanahitaji soko.

Sisi wa kilimo tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mkulima aliyepanda zao moja shamba zima hulala vizuri mpaka siku bei inapoanguka. Timu yenye mdhamini mmoja ni shamba la zao moja. Jirani yangu, baada ya duka la pembejeo, alitafuta wadogo wengine watatu: karakana ya tairi iliyompa punguzo, mgahawa uliolisha timu siku za mashindano, na muuza mafuta aliyempa dizeli ya safari mbili. Hakuna aliyetoa kikubwa. Lakini mmoja wao akiondoka, trela bado ingetoka nyumbani.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba watatu hao hawakutoa pesa taslimu. Punguzo la tairi humgharimu mwenye karakana kidogo kuliko thamani yake kwa anayelipokea. Ndiyo sababu mfanyabiashara mdogo hukubali haraka kutoa bidhaa kuliko kufungua droo ya pesa.

Kuponi 22

Msimu ulikwisha. Kuponi zilizorudi dukani zilikuwa 22, si 30.

Kwa hesabu yetu, duka lilirudishiwa dola 440 kati ya 600. Pengo lilikuwa dola 160. Jirani yangu alitaka kukaa kimya. Aliniambia kwamba mama yule ana shughuli nyingi na huenda ameshasahau, na kwamba ni afadhali kupeleka picha nzuri ya pikipiki iliyowekwa kwenye fremu.

Mkewe ndiye aliyekataa. Alichukua kuponi zote, akazifunga kwa mpira, akaandika ukurasa mmoja: mashindano waliyokwenda, waliyoshinda, waliyoshindwa, siku pikipiki ilipoegeshwa dukani, matrekta yaliyokaguliwa, kuponi zilizorudi na pengo lililobaki. Picha aliiweka mwisho.

Mama mwenye duka alisoma, akavua miwani. Alisema amewahi kutoa pesa kwa timu za watoto, shule, maonyesho na sherehe za mji kwa miaka mingi. "Wewe ni wa kwanza kurudi na hesabu," alimwambia fundi, "tena hesabu mbaya."

Kisha akafanya kitu ambacho mwalimu yeyote wa uchumi angekifurahia. Alishusha bei. "Mwaka ujao nitakupa 400. Hizo zinarudi kwa kuponi 20, na wewe umeshanionyesha kwamba 22 unaziweza."

Pikipiki haikuuzwa. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba timu ile ilifika daraja la kulipwa. Haikufika, na wadhamini wote kwa pamoja hawakumaliza gharama za msimu. Lakini kiasi kilichotoka nyumbani kilipungua kiasi cha mkewe kukubali msimu mwingine, na paa likaezekwa mwaka 2017.

Tunajifunza nini?

Tangu nirudi nyumbani, vijana huniletea rasimu za barua za maombi nizipitie. Wengine wana timu za mpira, wengine wanaandaa mbio za baiskeli, wengine ni vikundi vya wakulima wanaotaka banda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Karibu zote zinafanana na zile barua 41.

Ushauri wangu kwao ni huu. Kwanza, kabla ya kuandika kiasi unachoomba, piga hesabu ya mauzo ya ziada ambayo mdhamini atahitaji ili pesa yake irudi. Kama wewe mwenyewe huamini kwamba inaweza kurudi, punguza kiasi au tafuta mdhamini mwingine.

Pili, jiulize una nini ambacho wateja wa mdhamini wanakiamini. Inawezekana si magoli wala kasi. Timu ya kijijini inaweza kuwa na wachezaji ambao ni mafundi pampu, wachanjaji wa kuku au madereva wa bodaboda wanaofika kila kitongoji.

Tatu, anza na walio karibu, pokea bidhaa kama pesa haipo, na usitegemee mmoja. Nne, tumia karatasi za kibiashara. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inatambua gharama zilizotumika kuzalisha mapato ya biashara, hivyo mwenye duka anayelipia tangazo anahitaji risiti na mkataba, hata wa ukurasa mmoja, ili aweze kulithibitisha.

Tano, rudi na hesabu msimu ukiisha, hata ikiwa mbaya. Wengi wetu huonekana kwa mdhamini mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuomba. Ukionekana mara ya pili ukiwa na taarifa mkononi, tayari umejitofautisha na wote waliopanga foleni mlangoni kwake.

Ninayo bado nakala ya ukurasa ule ulioandikwa na mke wa fundi. Kijana akiniletea barua yenye neno "msaada" mara tano, simkosoi. Ninamtolea ukurasa huo, ninamwomba ausome, kisha ninamuuliza swali la mama mwenye duka: nitauza magunia mangapi zaidi?

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.